Mtoni napata amani, kanisani nakauka. Je, nimepotea?

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi huku juu Kilimanjaro, kijiji cha karibu kabisa na msitu, ni msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tangu kuzaliwa. Naimba kwaya, ni mhazini wa umoja wa wanawake, na jumuiya yetu inasali nyumbani kwangu mara nyingi. Tangu mama yangu afariki mwaka jana nimekuwa mkavu, ibadani naenda lakini nipo tu, nikitoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Ila chini ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, kuna mto, kuna jiwe kubwa na mti wa mringaringa, Jumamosi jioni nikikaa pale nikaomba nikalia basi napata amani ya ajabu, naona Mungu yupo. Sasa mke wa mzee mmoja wa kanisa aliniona na maneno yamesambaa kwamba naenda kutambika. Mume wangu anasema niache kwenda. Mimi moyo wangu unaniambia bora niache kanisa kuliko kuacha mto. Je, nakosea? Inawezekana Mungu akawa mtoni kuliko kanisani, au ni roho nyingine inanidanganya?"

Marahaba mama, na pole sana kwa kufiwa na mama. Nimeisoma barua yako taratibu kwa sababu ukiangalia juu juu ni swali la mto na kanisa, ila ndani yake kuna msiba ambao haujaisha, kuna uchovu wa kazi nyingi, kuna maneno ya watu, na kuna mume ambaye nadhani ameogopa zaidi kuliko alivyokasirika. Vyote vimefungana pamoja ndio maana unaona kama njia ni mbili tu, uache hiki au uache kile.

Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Hapana, kukaa kando ya mto ukamwomba Mungu siyo dhambi, wala siyo tambiko. Fungua Marko sura ya kwanza usome mstari wa 21 mpaka 39 kwa pamoja, usiruke. Ni siku ya Sabato, Yesu yupo sinagogi anafundisha, jua likizama mji mzima umejaa mlangoni na wagonjwa wao, halafu alfajiri bado giza anaamka anatoka anaenda mahali pasipo watu anaomba huko. Sinagogi na mahali pasipo watu, vyote ndani ya kama siku moja tu, na hamna sehemu yoyote ambapo anaambiwa achague. Na kina Simoni walipomfuata kumwambia watu wote wanakutafuta hakukaa huko huko milele, aliondoka akaenda tena kwenye masinagogi ya vijiji vingine. Kwenye sura ya sita ya kitabu hicho hicho anawaambia wanafunzi wake, ambao walikuwa hata nafasi ya kula hawana kwa jinsi watu walivyokuwa wanakuja na kuondoka, waende peke yao mahali pa faragha wakapumzike kidogo. Yaani anayewaambia watumishi wake waliochoka waondoke kidogo kwenye kelele ni Bwana mwenyewe.

Halafu kuna habari ya Filipi ambayo tunaisoma haraka haraka. Matendo 16, Paulo na wenzake wanafika kwenye mji ule, siku ya Sabato wanatoka nje ya lango wanaenda kando ya mto, mahali ambapo watu walikuwa na desturi ya kusali, wanakuta wanawake wamekusanyika pale, na mmoja wao ni Lidia muuza rangi ya zambarau ambaye Bwana alimfungua moyo. Usharika wa Filipi ulianzia mtoni mama, na ulianzia kwa wanawake. Sasa angalia kitu kimoja pale, walikuwa pamoja. Hilo nitalirudia huko mbele maana ndipo nadhani tatizo lako linapofunguka.

Tuje kwa huyo mke wa mzee wa kanisa. Najua umeumia, ila naomba tumtendee haki. Wewe umekulia huko mlimani kama yeye, unajua kwamba kuna watu kweli wanatumwa na waganga wakaoge dawa mtoni, na unajua kwamba kuna koo ambazo bado zinachinja na kumwaga mbege, ile pombe ya ndizi, kwa ajili ya wazee waliolala, tena wengine Jumapili wapo nasi kwenye benchi. Akikuona peke yako jioni, umekaa kwenye jiwe unalia na unaongea na mtu asiyeonekana, kichwa chake kimeenda kwenye kile anachokijua. Amekosea kusambaza badala ya kukuuliza, hilo ni kosa na tusilipake rangi, ila hofu yake haijatoka hewani. Biblia yenyewe inaigusa pande zote mbili kwenye sura moja, Warumi 1, mstari wa 20 unasema mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake, na mistari mitano mbele inawalaumu watu walioabudu kiumbe wakamwacha Muumba. Kwa hiyo kuwa mtoni hakuamui kitu, kinachoamua ni unaongea na nani na unamwomba nini.

Na hapa mama nikuulize swali ambalo ni wewe tu unaweza kulijibu. Huo mto ulio chini ya kihamba, mama yako hakuwa anateka maji pale? Kaburi lake si lipo humo humo kihambani, hatua chache kutoka kwenye huo mteremko, kama ilivyo kwa familia nyingi huko kwetu? Nauliza kwa sababu watu wengi waliofiwa wanajikuta miguu inawapeleka sehemu ambazo marehemu alizipenda bila hata wao kupanga. Ukikaa pale ukasema mama nimekukumbuka, mama pangekuwa na wewe leo, hiyo siyo ibada ya mizimu, huko ni kulia tu, na Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Ila ikifika mahali unamwomba mama akulinde, au unamuuliza ufanye nini kuhusu watoto, au unaona usipoenda Jumamosi moja kuna baya litakupata, hapo imani yetu inatofautiana na unachofanya na inabidi uongee na mchungaji wako mapema, siyo kwa sababu utaadhibiwa bali kwa sababu hofu ya namna hiyo ikishaota mizizi inamtesa mtu miaka. Kwenye barua yako umesema naona Mungu yupo, hukusema naona mama yupo, kwa hiyo mimi naamini upo salama. Wewe jichunguze tu.

Sasa kwa nini mtoni amani na kanisani ukavu? Wengi wanarukia kusema ni shetani au ni imani imepungua, wakati kuna maelezo ya kawaida kabisa ya jinsi Mungu alivyotuumba.

Akili ya mtu ina namna mbili za kuwa makini. Kuna ile ya kujilazimisha, unahesabu hela, unafuata noti za wimbo, unasikiliza matangazo huku unakumbuka nani hajalipa mchango, na namna hiyo inachoka, ikichoka unakuwa na hasira za karibu, unasahau sahau, unasoma mstari mmoja wa Biblia mara tatu hauingii. Halafu kuna ile inayokuja yenyewe bila kulazimishwa, maji yanapita kwenye mawe, majani yanacheza, hondohondo wanapita juu wakipiga kelele zao, unaangalia bila kutumia nguvu, na wakati huo ile namna ya kwanza inapata nafasi ya kupumzika. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani ndio walioliandika jambo hili kwa kirefu mwaka 1989 na mpaka leo watafiti wanaendelea nalo. Kabla yao, mwaka 1984, mtafiti mwingine anaitwa Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo, 23 walilazwa vyumba ambavyo dirisha linaangalia miti na 23 dirisha linaangalia ukuta wa matofali, na wale wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu. Ni utafiti mdogo, usije ukaenda kumwambia mtu kwamba miti inatibu upasuaji, ila unaonyesha kwamba mwili wenyewe unaitikia uumbaji hata pale mtu anapokuwa hajui kama unaitikia.

Daudi alichunga kondoo, hakuhitaji utafiti. Zaburi ya 23 ina malisho ya majani mabichi, ina maji ya utulivu, na baada ya hayo tu ndipo inasema hunihuisha nafsi yangu. Na Eliya, 1 Wafalme 19, nabii aliyechoka mpaka akaomba afe, Mungu hakumpa mahubiri. Alimwacha alale chini ya mti, akamtuma malaika na mkate wa moto na maji, akalala tena, akala tena, ndipo akaanza safari ndefu ya kwenda mlima Horebu, na mazungumzo yakaja mwisho kabisa, kwa sauti ndogo ya utulivu. Mwili kwanza, maneno baadaye. Nakushauri uisome hiyo sura pale pale kwenye jiwe lako, kwa sauti, na usikimbilie kumaliza.

Upande wa kanisani sasa. Nimezisoma kazi zako, kwaya, uhazini, jumuiya kwako. Niambie ukweli, ni lini mara ya mwisho ulikaa ibadani kama msharika tu? Ukiingia unatafuta sauti ya pili imekaa wapi, katikati ya mahubiri unawaza bahasha, ibada ikiisha wenzako wapo nje kwenye mnada wa mazao wananunua mikungu ya ndizi na parachichi wanacheka, wewe upo ofisini unahesabu na kuandika. Wewe Jumapili upo kazini mama, na mtu aliye kazini hawezi kutoka amepumzika, hata kama kazi yenyewe ni ya Mungu. Mtoni hamna anayekudai risiti. Ndio maana ukifananisha hizi sehemu mbili unafananisha siku ya kazi na siku ya mapumziko, halafu unasema Mungu yupo kwenye ile ya mapumziko.

Kuna na hili nalisema kwa upole. Kama mama yako aliombewa kwenye kanisa hilo hilo, jeneza likawa mbele ya madhabahu ile ile ambayo kila Jumapili unaiangalia kutoka kwenye viti vya kwaya, na nyimbo mnazoimba baadhi yake ndizo zilizoimbwa siku ile, basi ukavu unaousikia unaweza kuwa siyo ukavu hata kidogo. Moyo ukiona maumivu ni makubwa unajifunga, hausikii huzuni na hausikii furaha pia. Na wewe huwezi kulia mbele ya usharika mzima ukiwa na joho la kwaya, ndio maana kilio kinasubiri mpaka Jumamosi kwenye jiwe. Hapo sioni roho nyingine inayokudanganya, naona mtu anayeomboleza ambaye amepata sehemu moja tu ya kuombolezea.

Kwa hiyo swali lako la kama Mungu anaweza kuwa mtoni kuliko kanisani nalijibu hivi: unachopima ni hisia zako, hujapima alipo Mungu. Yupo kote. Ila sisi Walutheri tuna jambo tumelishikilia tangu mwanzo, kwamba Mungu ameahidi kukutana na sisi kwenye neno na sakramenti, na ahadi hiyo haipandi na kushuka kulingana na unavyojisikia. Siku ukiwa mkavu kabisa ukaenda mezani kwa Bwana ukapokea ule mkate, umepokea kilekile alichopokea jirani yako aliyekuwa analia kwa furaha. Hilo kwangu ni faraja kubwa sana hasa kwa mtu aliyefiwa, kwamba kuna kitu ambacho hakitegemei nguvu zako.

Na Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha saba, linaposema kanisa ni nini halitaji bati wala kengele wala spika, linasema ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa sawasawa. Linapunguza jengo na wakati huohuo linakataa mtu kuwa kanisa peke yake.

Hapo ndipo sikubaliani na moyo wako unaposema bora niache kanisa. Nakuomba ukumbuke wiki ile ya msiba. Nani alichimba kaburi, nani alipika, nani alilala kwako kwenye mikeka, nani alikushika mkono usianguke? Najua jibu kwa sababu najua vijiji vya kwetu, ni jumuiya na ni wanawake wa umoja wale wale ambao leo wanakuchosha na michango. Mto ni mzuri na ni wa Mungu, lakini mto haujui jina lako. Ukiugua hauji na uji, ukikosea haukukemei, na hauwezi kukuambia kwa sauti ya mtu kwamba umesamehewa dhambi zako. Tena mto huo huo masika ukifurika unabeba migomba na unaweza kubeba mtu. Watu wanaosema asili inawatosha kwa ibada mara nyingi wameiona ikiwa imetulia tu.

Basi tuangalie njia zilizopo. Ukiacha mto kwa sababu ya maneno, yatanyamaza kidogo, mume atatulia, ila utakuwa umefunga sehemu pekee ambayo moyo wako unapumua na sidhani utafika mbali, sipendekezi. Ukiacha kanisa nimeshasema. Ukiendelea kwenda kwa kujificha ndio mbaya kuliko zote, maana siri ndiyo inayolisha uvumi, na wewe mwenyewe utaanza kujisikia kama mtu anayefanya kosa. Kinachobaki ni kwenda mtoni kwa uwazi, na hii ina gharama yake sikufichi, itabidi uongee na watu watatu ambao huenda hutaki kuongea nao.

Anza na mume. Usimhubirie, mchukue Jumamosi moja mwende wote. Mwonyeshe jiwe, soma zaburi uliyokuwa unasoma, omba kwa sauti kama unavyoomba siku zote, na kama ni kulia, lia mbele yake. Nadhani hajawahi kuona unachofanya pale, ameletewa maneno tu, na mwanaume wa kijijini akiambiwa mkeo anatambika anaona aibu ya ukoo mzima inamjia. Akishaona na kusikia jina la Yesu kwa masikio yake, ndiye atakayekuwa wa kwanza kukutetea.

Wa pili ni mchungaji wako au mwinjilisti wa mtaa, yeyote unayemwamini zaidi. Mweleze kabla hajaelezwa na wengine, kama bado hajaelezwa. Mwambie mambo mawili, kwamba unaombea mtoni na kwamba umechoka. Hilo la pili usilifiche. Omba mapumziko ya kwaya kwa miezi michache, na uhazini uuachie kipindi chako kikiisha, au uombe msaidizi wa kuhesabu naye Jumapili kwa Jumapili. Najua kijijini ukipumzika huduma watu wanauliza mama fulani kapatwa na nini, ila jibu lipo tayari na ni la kweli, nimefiwa na nahitaji kukaa chini nisikilize. Kaa benchi la kati na watoto wako, usihesabu chochote, wiki za kwanza huenda usisikie tofauti yoyote, usijali, endelea.

Wa tatu ni yule mama. Usiende kumgombeza. Mwalike aje jumuiya siku ikiwa kwako, na siku hiyo muombe jumuiya isali nje, chini kule kwenye mringaringa, kama mteremko hauwashindi wazee. Soma Zaburi 104 yote, ni ndefu lakini ina kila kitu mnachokiona kwa macho pale mlipokaa, chemchemi zinazopita kati ya milima, ndege kwenye matawi, majani ya ng'ombe, hata giza la usiku ambapo wanyama wa mwituni wanatembea na asubuhi mtu anatoka kwenda kazini kwake. Jumuiya ikishasali pale mara moja, jiwe lako halitakuwa tena jiwe la mashaka. Na utashangaa ni wangapi watakaokuambia kwamba na wao walikuwa wakavu.

Niseme kidogo hapa maana mimi jambo hili nalipenda. Tumezoea kudhani kwamba kanisa ni ndani na uumbaji ni nje, wakati Ukristo wa mlimani kwetu tangu wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893 umekaa katikati ya migomba na mifongo, ile mifereji yetu ya asili ya maji. Kwa nini msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfongo usianze na zaburi na sala? Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Kanisa la Othodoksi alitangaza tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea uumbaji, na siku hizi makanisa mengi duniani, ya kwetu pia, yanaadhimisha kipindi kizima mpaka tarehe 4 Oktoba. Kule Ethiopia ukipita maeneo ya Gondar na Ziwa Tana unakuta mashamba matupu kila upande, halafu katikati duara la msitu mnene, na ndani ya msitu ni kanisa la kijiji, miti ile imebaki kwa sababu waumini wanaiona ni sehemu ya nyumba ya Mungu. Na hapa nyumbani Askofu Fredrick Shoo amewahimiza washarika kupanda miti mpaka watu wakamwita askofu wa miti. Kwa hiyo ukimwendea mchungaji na wazo la jumuiya yenu kutunza kingo za huo mto hutakuwa umeleta jambo geni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wote tunajua huko kwetu migomba imeshuka mpaka kwenye maji. Pandeni miti ya asili, mikaratusi hapana, inakunywa maji sana. Ongeeni kwanza na wenye vihamba vinavyopakana na mto ili msije mkaanzisha ugomvi wa mipaka kwa jina la Bwana. Kazi ya mikono pamoja na wenzako inaponya kitu ambacho kukaa peke yako hakuponyi.

Tahadhari chache. Usishuke mtoni masika mawe yakiwa na utelezi, na mvua ikinyesha juu msituni maji yanaweza kuja ghafla hata kama kwako ni kukavu. Usikae mpaka giza, na mtu mmoja nyumbani ajue upo wapi. Kuingia msituni kwenyewe usifanye bila ruhusa, ule msitu tangu 2005 upo ndani ya hifadhi ya taifa. Na akitokea mtu anakuambia njoo tufunge siku kadhaa porini, huko ndiko Mungu anasikia zaidi, acha kanisa lako acha hospitali, kimbia. Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliopelekwa porini na kuambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu. Utulivu wa porini ni mwema, ila mtu mbaya anaweza kuutumia kukutenga na wanaokupenda, na dalili ya kwanza ni hiyo ya kukutenga.

La mwisho ni afya yako. Huzuni ya kufiwa haina kalenda, mwaka siyo mrefu, na kulia Jumamosi halafu ukarudi nyumbani ukapika na kucheka na watoto ni dalili njema. Lakini kuna ugonjwa unaitwa sonona ambao unafanana sana na ukavu wa kiroho, na maombi peke yake bila matibabu yanamwacha mtu anateseka bure. Jiangalie, au mwombe mume akuangalie. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hufurahii chochote hata huo mto, usingizi umekimbia au unalala mno, chakula hakipiti, kuinuka kwenda shambani ni mlima, unajiona huna thamani, basi nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya uwaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, watakusikiliza na wakiona inafaa watakupa rufaa kwa daktari wa afya ya akili. Na kama imeshakujia hata mara moja mawazo ya kwamba bora ungefuata mama, usisubiri Jumatatu, mwambie mume wako leo, asikuache peke yako, na mwende hospitali leo leo. Na mtoni usiende peke yako kwa kipindi hicho.

Kama hayo hayapo, anza na mume Jumamosi hii, na kwa mchungaji usipitishe wiki ijayo. Ukienda kwa mchungaji usiende na maelezo marefu, mpe hii barua uliyoniandikia mimi asome, imeeleza kila kitu. Halafu niandikie alichokujibu.